Mlaji Asiyekujua: Hotuba kwa Wasindikaji na Waingizaji wa Chachandu, Kigoma

Hotuba hii niliitoa mbele ya wasindikaji wadogo na wafanyabiashara wa vyakula waliokusanyika Kigoma mjini. Wenzetu wengi wa Kasulu, Kibondo na Uvinza hawakuweza kufika kwa sababu ya mvua na nauli, nao wameniomba niiweke yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, akina mama, vijana wa Mwanga, Gungu na Kibirizi, na ninyi ndugu zetu mliovuka ziwa kuja kutusikiliza: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya sheria zinazosimamia kuuza na kuingiza chachandu. Ninaposema chachandu nina maana ya pilipili ya chupa, achari ya embe, sosi ya nyanya, na ile pilipili yetu ya mawese, kwa kuwa hizo ndizo tunazozitengeneza majikoni mwetu na ndizo tunazozipokea kutoka Bujumbura, Uvira na Kalemie. Mimi si mwanasheria. Mimi ni msindikaji. Nimepika pilipili kwa miaka 17, na makosa nitakayoyasimulia hapa ni yangu, nami nitayasema kama yalivyotokea.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Ni nani kati yenu amewahi kupika chachandu nyumbani, akaiweka mezani, watoto wakala, mgeni akala, na kesho yake wote wakaamka wazima? Naona mikono yote iko juu. Sasa nauliza tena: ni nani anayemjua mtu aliyeila chupa ya mwisho aliyoiuza mwezi uliopita? Mikono imeshuka, na wangu pia umeshuka.

Ndugu zangu, hapo ndipo sheria inapoanzia. Chachandu ya mezani huliwa na mtu anayekujua: akiona imechacha atakuambia, akiumwa tumbo atakuita, na wewe mwenyewe unakumbuka uliipika siku gani na kwa nyanya za nani. Chachandu ya chupa huliwa na mtu asiyekujua, katika mji usioufahamu, miezi sita baada ya wewe kuisahau. Hawezi kukuuliza chochote. Yote anayoyajua ni yale yaliyoandikwa kwenye chupa, na yote anayoyaamini ni kwamba yupo mtu aliyeyakagua maandishi hayo na kilichomo ndani.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Wachimbuaji wa mambo ya kale waligundua kwamba watu wa Uvinza walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi tangu yapata karne ya 5. Chumvi hiyo ilivuka ziwa, ikapanda milima ya Burundi, ikafuata misafara hadi Unyanyembe, kule Tabora. Mnunuzi wa ng'ambo hakumjua mchemshaji, lakini aliijua chumvi ya Uvinza na aliiamini. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipoagiza chumvi ya kuliwa itiwe madini joto, kwa sababu rovu, ule uvimbe wa shingoni, liliwasumbua watu sehemu nyingi za nchi, wapo walionung'unika kwamba chumvi ya babu zao imeingiliwa. Leo ni nani hapa anayemwona mtoto mwenye rovu shuleni kama tulivyowaona zamani? Kiungo cha kwanza cha ardhi hii ndicho kilichotufundisha kwamba kanuni ya chakula inaweza kumlinda mtu ambaye hata hajui kwamba analindwa.

Juu ya ofisi na makaratasi nitapita haraka, kwa sababu wengi wenu mnayajua, na wasioyajua wataelezwa baadaye na maofisa waliopo. Jambo moja tu linahitaji kusemwa wazi, kwa kuwa bado naona watu wakizunguka. Zamani chakula kilisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003. Tangu Julai 2019 chakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na ile mamlaka ya zamani imebaki na dawa na vifaa tiba, nayo sasa inaitwa TMDA. Kwa hiyo usajili wa jengo lako la kusindikia, usajili wa bidhaa na leseni ya kutumia alama ya ubora vyote viko TBS. Jina la biashara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipa kodi ni TRA, mamlaka ya mapato, leseni ya biashara ni halmashauri, ujazo wa chupa ni Wakala wa Vipimo. Kwa mjasiriamali mdogo mlango wa kuingilia ni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo: nendeni pale mpate barua ya utambulisho kabla ya kwenda TBS, kwa sababu mdogo aliyetambulishwa hupata nafuu ambayo mkubwa haipati.

Sasa nataka tukae kwenye chupa yenyewe.

Katika mwaka wangu wa tatu nilipika pilipili ya nyanya nyingi, nikaijaza katika chupa za pombe kali nilizozinunua kwa waokota chupa, nikaziosha kwa sabuni na maji ya moto na kuona kwamba zimetakata. Nilipeleka chupa 60 kwenye duka moja la Mwanga. Siku ya tisa mwenye duka alinipigia simu akaniambia kwamba vizibo vinaruka. Nilipofika nilikuta rafu imelowa, povu linatoka, na harufu ya togwa iliyopitiliza. Nilikuwa nimepunguza siki ili pilipili isiwe kali mno, na nilikuwa nimepima uchachu kwa ulimi.

Ile ilikuwa hasara, lakini nawaambieni kwa moyo wote kwamba ilikuwa hasara njema, kwa sababu chachandu iliyochacha hupiga kelele. Inatoa povu, inanuka, inarusha kizibo. Hakuna aliyeila. Ninayoiogopa mimi ni ile isiyopiga kelele.

Mwaka 1985 katika mji wa Vancouver, nchini Kanada, watu 36 waliokula kwenye mkahawa mmoja waliugua: macho yakaona viwili viwili, ulimi ukawa mzito, misuli ikalegea. Ilikuwa sumu ya botulinamu. Madaktari walihangaika kabla ya kuitambua, kwa sababu wagonjwa walikuwa wametawanyika kurudi makwao, wengine nchi nyingine kabisa. Chanzo kilipotafutwa, kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta ya soya, bidhaa ya kiwandani iliyonunuliwa kihalali. Kwenye lebo yake palikuwa na maneno ya kuagiza kwamba iwekwe kwenye jokofu, yameandikwa kwa herufi ndogo. Chupa zilikuwa zimekaa nje ya jokofu kwa miezi minane.

Akina mama, kitunguu saumu ndani ya mafuta. Je, hiyo si ndugu wa damu wa pilipili yetu ya mawese? Sisi tunasaga pilipili mbuzi, tunaongeza kitunguu saumu, tunamimina mawese mpaka yafunike, na tunajisifu kwamba mafuta yanazuia hewa isiingie. Ni kweli yanazuia hewa. Lakini mdudu huyu wa botulinamu anaishi udongoni, anakuja na kitunguu na pilipili, na yeye hustawi mahali pasipo na hewa. Mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Zinahitaji nyuzi joto 121 ndani ya chombo cha mgandamizo, kitu ambacho sufuria zetu haziwezi. Hana harufu, habadilishi rangi, harushi kizibo.

Kinachomzuia ni asidi. Chakula ambacho kiwango chake cha asidi, ile pH, kiko 4.6 au chini ya hapo hakimruhusu kuota na kutoa sumu, na ndiyo sababu wapimaji wanapopokea sampuli ya pilipili yako huiangalia namba hiyo mapema kabisa. Kumbukeni kwamba namba ikipungua, uchachu unaongezeka. Mimi silengi 4.6 yenyewe, nalenga chini ya 4, ili kama toleo moja la nyanya limekuja tamu kuliko kawaida, bado niwe salama. Napima kwa kipimo cha betri, na wasioweza kukinunua wanaweza kuanza kwa karatasi za kupimia, ingawa karatasi hudanganywa na wekundu wa nyanya. Vipande vya kitunguu na embe hunywa siki polepole, kwa hiyo napima siku ya pili, baada ya kusaga kila kitu kilichomo kwenye chupa pamoja. Siki nainunua ikiwa imefungwa na imeandikwa nguvu yake. Ile inayouzwa kwa kumiminwa kutoka kwenye dumu naiacha, kwa kuwa hakuna anayejua imetiwa maji mara ngapi. Naijaza pilipili ingali ya moto, nyuzi 85 hivi, katika chupa mpya za moto. Na ile ya mawese? Siku hizi viungo vyote naviloweka kwanza ndani ya siki mpaka asidi iingie hadi kiini, ndipo navitia mafuta. Wateja wa zamani walisema ladha imebadilika. Niliwaeleza sababu, na wengi wao wamebaki nami.

Kuna mtu ataniuliza: kwa nini nisitie tu kihifadhi? Sodiamu benzoeti inaruhusiwa kwenye sosi, na viwango vya kimataifa vya Codex vinaweka mwisho wake kuwa miligramu 1,000 kwa kila kilo. Lakini inafanya kazi vizuri ndani ya chakula chenye asidi, na inazuia zaidi hamira na ukungu; haiji kuchukua nafasi ya asidi usiyoiweka. Na anayeipima kwa kijiko cha chai hawezi kujua kama ameweka miligramu 1,000 au 4,000. Nunua mizani ndogo. Kama huna mizani, usiitumie.

Tuje kwenye vile tunavyovinunua ili kuvitia ndani ya chupa. Mwaka 2005 huko Uingereza ilibainika kwamba unga wa pilipili uliotiwa rangi iitwayo Sudan ulikuwa umetumika kutengeneza sosi moja. Rangi hiyo ni ya viwandani, hupaka nta na mafuta ya mashine, na hairuhusiwi kwenye chakula kwa sababu inashukiwa kusababisha saratani. Sosi ile ilikuwa imeuzwa kwa viwanda vingine, vikaitia kwenye supu, kwenye vyakula vya kupasha moto, kwenye chachandu nyingine. Bidhaa zaidi ya 400 ziliondolewa madukani. Unga mmoja, sosi moja, bidhaa zaidi ya 400. Aliyetia rangi alitaka tu unga wake uonekane mwekundu sokoni.

Nawaambia watu wa Kigoma, watu wa michikichi, kwa sababu rangi za jamii hiyo hiyo zimewahi kukutwa kwenye mawese nchini Ghana. Mawese yetu hayahitaji rangi. Lakini je, unamjua aliyekuuzia dumu lako? Unayo risiti yake? Na pilipili kavu uliyoinunua kwa gunia, ilianikwa juu ya turubai au juu ya udongo, ikalowa usiku, ikaanikwa tena? Pilipili iliyolowa na kuanikwa tena ni kitanda cha sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Ukiisaga ukungu hauonekani tena, na kwa hiyo mimi sinunui pilipili iliyokwisha kusagwa na mtu nisiyemjua. Naomba hili mlichukulie kwa uzito: unaponunua kiungo, wewe ndiye mlaji asiyejulikana wa mtu mwingine.

Lebo. Nimeona lebo nzuri sana meza zile za nyuma, zenye picha za pilipili zinazowaka moto, na sehemu ya maandishi ni ndogo kuliko ukucha. Kumbukeni mkahawa wa Vancouver. Jina la chakula, viambato vikiandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo, ujazo halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi, na yote kwa Kiswahili au Kiingereza kinachosomeka. Kama kuna karanga, zitajwe, kwa maana wako watu ambao karanga huwafunga pumzi. Na tafadhali, yale maneno ya "inatibu vidonda vya tumbo" na "inashusha presha" yaondoeni leo hii. Dada mmoja ninayempenda aliyaandika kwa nia njema kabisa, na mzee mmoja akaacha vidonge vyake akategemea achari. Mzee yule alipona baada ya kulazwa, lakini dada yule mpaka leo hawezi kulisimulia bila sauti yake kukatika. Chachandu ni chakula.

Suala la kuingiza mzigo nimeliweka mwishoni, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakodhani kwamba hatuhusiki. Tunasema: mimi sikupika, mimi nimeleta tu.

Miaka michache iliyopita nilileta katoni 40 za sosi ya pilipili kwa boti kutoka ng'ambo, nikashusha Kibirizi. Bei ilikuwa nzuri, risiti nilikuwa nayo, ushuru nilikuwa tayari kuulipa, nami niliamini kwamba ushuru ndio kila kitu. Mkaguzi alifungua katoni ya kwanza akanyanyua chupa. Lebo ilikuwa ya Kifaransa peke yake. Tarehe ilikuwa imefutika. Mahali pa anwani ya mtengenezaji palikuwa na namba ya simu tu, na ilipopigwa haikupatikana. Aliniuliza kwa upole: "Mama, mtu akiugua kwa chupa hii, tumtafute nani?" Sikuwa na jibu. Mzigo uliteketezwa kwa gharama yangu.

Nilirudi nyumbani na uchungu mwingi, nikasema nimeonewa. Lakini swali lile halikuniacha. Tumtafute nani? Aliyepika yuko nchi nyingine, sheria yetu haimfikii. Anayefikiwa ni mmoja tu, naye ni aliyeingiza. Siku ulipoishusha ile katoni gatini, umekuwa mpikaji wake mbele ya mlaji wa Kigoma, wa Tabora na wa Shinyanga.

Ndiyo maana TBS humtaka mwingizaji asajiliwe, bidhaa yake iliyofungashwa isajiliwe, na kila mzigo uwe na kibali chake kabla haujapakiwa. Nasema kabla, kwa sababu boti likishatia nanga ni kuchelewa. Mtasema: Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo imejiunga 2022, kwa nini tuhangaike na vibali? Ni kweli kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 unaotoka nchi mwanachama unaweza kupata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani, Manyovu kwa mfano, na kikakuondolea ushuru wa forodha. Lakini cheti cha uasilia kinasema bidhaa imetoka wapi. Hakisemi kama inalika. Linalokusaidia kwenye usalama ni alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi ilikotengenezwa, kwa Burundi ni BBN, kwa kuwa nchi za Jumuiya zimekubaliana kutambua alama za wenzao. Kabla ya kulipa hata shilingi, mwombe mwuzaji cheti cha alama hiyo, picha ya lebo, na majibu ya maabara ya toleo lile lile utakalochukua. Akikasirika, mwache. Njia za panya sitazizungumzia kwa kirefu. Anayepitisha chakula usiku ameshajua mwenyewe kwamba hataki kuulizwa lile swali.

Namba ya toleo niliitaja upesi pale kwenye lebo, na nataka niirudie, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Kila toleo ninalopika nalipa namba, naweka chupa mbili kwenye kabati langu, na naandika daftarini: viungo vimetoka kwa nani, pH ilikuwa ngapi, chupa zimekwenda duka gani. Mwaka juzi, wiki ya tatu baada ya kupika, niliona chupa moja ya kabatini imeingia ukungu shingoni. Vizibo vya toleo lile nilivinunua kwa mwuzaji mpya na havikukaza. Nilifungua daftari: chupa 144, maduka 11. Nilipiga simu zote jioni ile ile, na asubuhi nilizunguka kwa pikipiki kutoka Ujiji hadi Gungu.

Zilirudi 139. Mbili zilikuwa zimenunuliwa na majirani wa duka, wakazileta wenyewe. Tatu zilinunuliwa karibu na stesheni na abiria wa treni ya kwenda Tabora, na mwenye duka hakuwajua. Nililipia tangazo redioni, likasomwa siku tatu kwa jina langu, jina la pilipili yangu na namba ya toleo. Hakuna aliyepiga simu. Daftari hilo nimekuja nalo, liko hapa mezani karibu na karatasi za kupimia asidi, na ukurasa ule nimeukunja pembe. Anayetaka kuona jinsi ninavyopanga safu zake aje alichukue mkononi.